Wifi Yangu Aletta na Jiwe la Kaburini

Wifi yangu Aletta Boois alimenya kamba wa baharini katika kiwanda cha samaki mjini Luderitz mpaka vidole vikakataa kunyooka, akalea watoto peke yake, na hakuna siku aliyokubali kushindwa, hata aliposhindwa. Simsifu. Namsema alivyo.

Mumewe, kaka yangu Gert, alifagia mchanga miambani kutafuta almasi za kampuni kule pwani ya jangwani, ndani ya eneo lililokatazwa. Mchanga ukamporomokea, wakamzika hukohuko. Kampuni ilisema mle hakitoki kitu, wala maiti, maana nani ajuaye marehemu kameza nini. Aletta akaomba aende kaburini. Wakamwambia ni eneo la hatari. Akaomba tena, akazeeka akiomba. Kisha almasi za pale zikaisha, na hatari nayo ikaisha, pakawa mahali pa kutazama. Siku hizi mtalii yeyote mwenye kofia pana hupelekwa kupiga picha nyumba zilizofukiwa na mchanga. Watoto wakachanga, na sisi vikongwe wawili tukapanda gari la watalii.

Langoni, mlinzi Shikongo, kijana mpole wa kaskazini, akatusomea amri. "Ndani humu hakuna kuinama. Ukidondosha kitu, niite mimi. Hakuna kuokota hata kokoto."

"Na wewe ukidondosha?" Aletta akauliza.

"Namwita mkubwa wangu, bibi."

Nikamnong'oneza, "Wifi, umesikia?"

"Nimesikia. Kwani nimekuja kuokota? Nimekuja kuweka."

Lakini kwetu Wanama kila afikaye kaburini huokota jiwe palepale, kwenye ardhi iliyomlaza marehemu, akaliweka juu yake kwa mkono wake. Usipoweka, hukufika. Na jiwe haliruki lenyewe mkononi.

Tulipofika kwa Gert, Aletta akainama. Shikongo akapuliza filimbi kama refa.

"Bibi, simama wima."

"Mgongo huu haujasimama wima tangu ule mwaka wa ukame. Utaufunga?"

"Basi lisukume kwa mguu, mimi sijaona."

"Mume wangu nimrushie jiwe kwa teke? Kwenu mnazikana hivyo?"

Akaketi mchangani. Watalii wakatazama saa zao. Dereva akapiga honi.

"Wifi," nikasema, "jua hili litatuua."

"Watatuzika hapahapa. Si wanasema hakitoki kitu?"

Shikongo akaita kwa redio. Akaja mkubwa wake, Bwana Kessler, mzungu mwenye soksi za kufika magotini. Aletta akamwonyesha jiwe alitakalo. Bwana Kessler akavaa glavu, akainama, akaliokota, akalichungulia kwa kioo cha kukuzia, akaligeuza, akalilamba.

"Ni jiwe tu," akasema, kama mtu aliyegundua jambo.

"Hongera, baba. Sasa nipe."

Akatazama huku na huku, akampa. Aletta akaliweka juu ya kaburi, akalibonyeza likae imara.

"Gert, ni mimi. Nimechelewa, walinizuia langoni. Nimekuja na dada yako, bado ana mdomo."

Watalii wakaanza kurudi garini. Bwana Kessler akashika ncha ya glavu kuivua.

"Usivue kwanza, baba," nikamwambia. "Mimi ni dada wa marehemu. Langu ni lile kule, karibu na kiatu chako."