Yadi Mia na Hamsini za Mhandisi

Mume wangu aliitwa Hatua, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na makedi wenzake kwenye kiwanja cha gofu, kwa sababu hakuweza kutoka hapa kwenda pale bila kuhesabu. Hatua yake moja ilikuwa yadi moja kamili. Hakuzaliwa nayo. Alipoanza kazi alitandika kamba yenye mafundo kutoka mlangoni kwetu hadi ukuta wa jirani, akawa anapita juu yake kila asubuhi kabla ya chai, mguu kwenye fundo, mguu kwenye fundo, mpaka majirani wakasema mke wake amemtia wazimu. Nikawajibu kwamba wazimu alikuja nao mwenyewe, mimi nimemkuta nao. Baada ya miezi mitatu aliikunja kamba. Toka hapo mguu wake ndio ukawa kamba.

Kedi, kwa asiyejua, ni mtu anayembebea mchezaji begi la fimbo. Wengi wanadhani ni kazi ya bega. Fimbo zina namba zilizochorwa kwenye chuma. Namba ikiwa ndogo mpira unakwenda mbali, ikiwa kubwa unakwenda karibu. Mchezaji anauliza ni yadi ngapi mpaka shimoni, kedi anajibu, mchezaji anachagua fimbo. Basi kuna mambo mawili ya kujua: shimo liko umbali gani, na huyu bwana mwenyewe anafika wapi kwa kila fimbo. La kwanza linapimika. La pili, mume wangu alisema, hakuna mchezaji anayelijua.

"Kila mmoja anaukumbuka mpira wake mmoja, ule wa mwaka juzi, upepo ulipokuwa mgongoni," alisema. "Huo ndio anaufanya kipimo. Mingine tisini na tisa kaisahau."

Yeye hakuisahau. Alimbebea Mhandisi begi miaka ishirini na miwili. Mhandisi alikuwa mtu wa kujenga madaraja, kifua mbele, sauti ya kuamuru, na alikuwa na neno lake analolisema kama mtu anayetaja ukoo: "Saba yangu ni mia na hamsini." Maana yake, akipiga kwa fimbo namba saba mpira unaanguka yadi mia na hamsini. Na mwanzoni ilikuwa kweli.

Najua ilikuwa kweli kwa sababu niliandika mimi, kwenye daftari. Hatua hakusoma kabisa. Mimi nilisoma miaka miwili, herufi zikanitesa na mpaka leo zinanitesa, lakini namba sikuwahi kuzikosea. Jioni akirudi alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akanitajia. Saba, mia na hamsini. Saba, mia na arobaini na tisa. Saba, mia na hamsini na mbili. Alihesabu pale mpira ulipoangukia, si pale uliposimama. Unaobingirika, alisema, huo unajisifu tu.

Mwaka wa tisa nikaona saba imeandikwa mia na arobaini na sita mara nyingi. Nikamwambia.

"Upepo," akasema.

Mwaka wa kumi na mbili ikawa mia na arobaini na moja.

"Huo upepo wako ni hodari, bwana. Miaka mitatu haujapumzika."

Hakucheka. Aliyatazama maji kwenye beseni. "Anazeeka, mke wangu."

"Si umwambie."

"Nimwambie nini? Shikamoo mzee, umezeeka kwa yadi tisa?"

Hapo ndipo alipoanza kumpa kidole. Hilo ni neno lao makedi, na wote walilifanya. Mchezaji anaomba saba, wewe unachomoa sita, unaishika kwenye chuma, kidole gumba juu ya namba, unamnyooshea mpini. Yeye macho yake yako kwenye mpira. Anapiga, mpira unafika, anageuka: "Umeona? Saba yangu." Fimbo unaipokea wewe, unaifuta wewe, unairudisha wewe. Miaka ikienda unampa tano badala ya saba, hivyo ni vidole viwili. Redio, rafiki yake Hatua, ambaye tulimwita hivyo kwa kuwa hazimiki, alikuja kwetu akajisifu kwamba yeye kuna daktari anampa vitatu.

Mimi sikupenda. Nilimwambia mume wangu huko ni kumvika mtu kilemba cha ukoka.

"Ukoka ni kitu cha kiwanjani," akasema. "Na kichwa chake hakipati baridi."

Basi ikaenda hivyo miaka kumi, na daftarini nikaandika zote mbili, fimbo aliyoiomba na aliyopewa: akiomba nane akapewa saba, hiyo ndiyo saba yake ya kweli. Mhandisi akashinda vikombe. Hatua akawa kedi anayeombwa na wote na anabeba begi moja tu. Hilo lilikuwa fahari yake, sitakataa. Hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na neno lake. Hatua akisema yadi, ni hizo.

Siku ya fainali ya wazee, shimo la mwisho liko ng'ambo ya bwawa. Mhandisi na mpinzani wake wako sawasawa. Hatua akasema, "Mia na hamsini mpaka bendera ya shimo." Kisha mpira wa mpinzani ukapotea kwenye majani marefu, na desturi yao ni kwamba makedi wote wanakwenda kutafuta. Akaweka begi chini akaenda. Mhandisi alikuwa na haraka, watu walikuwa wengi wamesimama kwenye baraza la klabu wakitazama. Akachomoa fimbo mwenyewe. Saba. Saba ya kweli, isiyo na kidole juu yake.

Mpira ukaingia bwawani. Akaweka mwingine, akapiga tena kwa saba ileile, ukaingia pale pale kama umeitwa.

Hatua alikuwa anarudi kutoka majanini. Mhandisi akamwambia mbele ya watu, "Umenipa yadi za uongo. Amekulipa nani?"

Sasa fikiri mtu huyo angejibu nini. Akisema yadi ni sahihi, maana yake ni kwamba saba ya Mhandisi haifiki. Akanyamaza. Na aliyenyamaza wakasema amekubali. Jioni ile ile wakamsimamisha kazi kwa kuuza mchezo, mpaka kamati ikae.

Alirudi nyumbani hakuomba beseni. Nikalitoa daftari sandukuni.

"Usiende nalo," akasema.

"Wamekuita mwizi wa mchezo."

"Waniite. Wiki mbili tatu atanihitaji, ataniita mwenyewe. Usiende nalo, mama."

Mimi ni mtu nikishika nimeshika. Niliwaza, njia ya mwongo ni fupi, na hapa mwongo si mume wangu. Siku ya kamati nikavaa viatu vyangu vya ngozi, nikaingia kwenye chumba chao chenye meza ndefu na picha za makapteni ukutani, nikasimama nyuma ya kiti chake. Hawakunikaribisha kukaa, sikuomba.

Kapteni wa klabu akauliza kama kuna anayeweza kumtetea. Makedi walikuwepo sita, Redio mbele yao. Redio siku hiyo aliishiwa betri. Alitazama viatu vyake.

Nikasema, "Pimeni kutoka pale aliposimama mpaka kwenye bendera. Kisha huyu mzee apige mipira kumi kwa saba, tuone." Mhandisi akasema hilo ni jambo dogo, na akanyanyuka kwanza kuliko wote. Mume wangu alinishika mkono. Nikauondoa.

Wakapima kwa chombo chao. Yadi mia na hamsini, bila pungufu. Mhandisi akapiga mipira kumi. Uliokwenda mbali kuliko yote ulianguka kwenye mia na thelathini. Na mimi nimesimama na daftari, nikawasomea kwa sauti: mwaka wa kwanza, mia na hamsini. Mwaka wa tisa, mia na arobaini na sita. Wa kumi na mbili, mia na arobaini na moja. Wa kumi na nane, mia na thelathini na tatu. Mwaka huu, mia na ishirini na nane. Nilisoma vizuri, sikukwama popote. Nilidhani nasoma ukweli wa mume wangu. Nilikuwa namsomea mzee wa watu mwili wake, mwaka kwa mwaka, mbele ya rafiki zake.

Mhandisi akauliza polepole, "Na vikombe? Vile vyote?"

Hatua akasema, "Ulipiga wewe, mzee. Mimi nilikupa fimbo tu."

Kamati ikaamua hakuuza mchezo. Kisha ikamfukuza kwa kumdanganya mwanachama miaka kumi, na ushahidi walioutumia ni daftari langu. Makedi wengine waliulizwa kama wanajua habari za kidole. Wote sita walisema hawajawahi kusikia. Shukrani ya punda, lakini tuliizoea.

Alikaa nyumbani. Hakunilaumu hata siku moja, na heri angenilaumu. Asubuhi alikwenda mpaka ukuta wa jirani na kurudi, baadaye mpaka nusu, baadaye miguu ikavimba akawa mtu wa kiti.

Mwaka haujaisha Redio akaja. Alikaa kwenye kile kigoda, akasema Mhandisi amenunua fimbo mpya, mwenye duka amemwambia hizi zinafika mbali zaidi, na sasa anasema, "Saba yangu ni mia na sitini." Begi analibeba yeye, Redio. Halafu akaanza kuzungusha maneno.

"Shemeji, lile daftari..."

"Nimelichoma," nikasema. Lilikuwa chini ya kitanda.

Redio akajikuna kichwa, akaaga. Alipofika mlangoni Hatua akasema kutoka kwenye kiti, "Saba ni mia na ishirini na tano sasa. Bega la kulia limeshuka, usimpe sita akiwa anapanda mlima. Mpe vidole vitatu. Na begi usilitue, hata mpira wa mfalme ukipotea. Kautafute nalo."

Redio akasema asante mzee, akaenda. Nikamgeukia mume wangu.

"Mtu aliyekutupa kama maganda. Na huyu aliyekukana. Bado unawapa?"

Alifikiri, maana alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema namba.

"Miaka ishirini na miwili, mke wangu. Kuna mtu mwingine gani ninayemjua vile?"

Nilikuwa nimekaa mbele yake, kitambaa cha kumkandia miguu mkononi. Nikaendelea kumkanda.

Alifariki mwaka uliofuata, siku ya Jumamosi. Mhandisi hakuja mazikoni. Redio alikuja siku ya pili akasema samahani shemeji, jana kulikuwa na mashindano, alimbebea begi. Sikumkaribisha chai. Nilimuuliza tu alimpa vidole vingapi.

"Vitatu," akasema. "Ameshinda."