Tochi Isiyokuwa Ubaoni

Mafundi wa karakana walimwita Mama Usalama, na mwanzoni jina hilo lilikuwa la kumcheka. Akiingia na kofia yake ya plastiki iliyomzidi kichwa, wananong'onezana, "Shikeni adabu, Mama Usalama huyo." Kazi yake katika kampuni ile ya ndege ndogo, ukiondoa makaratasi, ilikuwa moja tu: kuwafanya watu waseme. Fundi aliyesahau kukaza skrubu aseme. Rubani aliyetua vibaya aseme. Watu wazima, wenye familia, wajisemee makosa ambayo hakuna aliyeyaona. Jaribu wewe uone kama ni kazi ndogo.

Basi akawapa neno lake. Alisimama mbele ya ubao wa vifaa, ule ambao kila spana na kila bisibisi imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu ili ikikosekana ionekane mara moja, akawaambia, "Atakayesema kosa lake mwenyewe haguswi. Mkurugenzi ametia saini, na mimi nitasimama naye." Walimtazama kama mtu anayewauzia dawa ya kuotesha nywele. Wa kwanza kumwamini alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake naye alikuwa fundi palepale. Walimwita Kijiti, maana alikuwa mwembamba kiasi cha kupenya ndani ya mkia wa ndege ambako wenzake walikwama mabegani. Mcheshi, msahaulifu wa funguo na miavuli, lakini kazi yake ilikuwa safi. Alisema kuhusu gurudumu alilolijaza upepo kupita kiasi, hakuguswa, na wengine wakafuata. Kisanduku cha taarifa kikaanza kujaa. Dada mtu akatembea kifua mbele.

Sasa tochi ya karakana ilikuwa imechoka, mwanga wake wa kubahatisha. Mama Usalama aliomba mpya, akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akaambiwa vilevile. Kijiti akachoka kusubiri, akaja na tochi yake ya nyumbani. Aliingia nayo mkiani, akamaliza kazi, akatoka, kifuniko kikafungwa. Jioni msimamizi akautazama ubao, akakuta kila kifaa kiko mahali pake, naye akatia saini. Tochi ya Kijiti haikuwa na umbo pale ubaoni, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba haikurudi.

Kesho yake asubuhi, Kijiti akinywa chai, mkewe alimwomba amtazamie kifuniko cha sufuria kilichobingirika chini ya kabati. Kijiti akapapasa mfuko wa koti atoe tochi. Haikuwamo. Saa hiyo ndege ilikuwa imeshapakia abiria, inangoja ruhusa ya kuruka. Akampigia dada yake.

"Dada, izuieni ndege. Tochi yangu iko mkiani."

"Una uhakika?"

"Izuieni tu, dada."

Ikazuiwa. Abiria walishuka wakinung'unika. Tochi ilikutwa imelala kando ya nyaya zinazouendesha mkia. Ndege ingeinua pua tu, tochi ingebingirika katikati ya nyaya hizo na usukani ungegoma angani. Mama Usalama aliishika. Kisha akafurahi, na hakuona haya kufurahi. Mdogo wake angeweza kunyamaza na kuomba Mungu. Hakunyamaza.

Mkurugenzi akamwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi; mtu mbaya ungemtukana moyoni ukapata nafuu. Kampuni iliyokodi ile ndege ilitaka kusikia ni nani amewajibishwa, la sivyo inavunja mkataba.

"Sera inasema haguswi," Mama Usalama akasema. "Iko hapo ukutani nyuma yako, bosi. Saini ni yako."

Hakugeuka kuitazama. "Ile inahusu makosa ya kawaida. Kuingiza kifaa cha nyumbani kwenye ndege ni kuvunja utaratibu."

"Na tochi niliyokuwa naomba?"

"Zimeshaagizwa." Aliongea kwa upole kabisa. "Halafu, mama, wewe ni dada yake. Kwenye hili ungekaa pembeni. Watu watasema unalinda damu yako."

Hapo ndipo alipofungwa mdomo. Akitetea ahadi yake, ataonekana anatetea ndugu. Akinyamaza, ahadi imekufa. Alipanda mpaka kwa mwenyekiti wa bodi, akapewa kiti na soda baridi, akasikilizwa vizuri sana, akarudi mikono mitupu. Kijiti akamwaga unga.

Mama Usalama alipokwenda kumwona, alimkuta anatengeneza mlango ambao haukuwa na ubovu wowote. "Usijisumbue, dada," Kijiti alimwambia. "Watu walishuka wazima, basi." Akatania kwamba sasa atanenepa, asipenye tena popote. Mkewe hakucheka. Aliweka chakula mezani, akakaa, akauliza taratibu, "Wifi, hivi angenyamaza, leo angekuwa kazini?"

"Watu wangekufa, wifi."

"Najua. Mimi nimeuliza kingine."

Mama Usalama akanawa mikono, akaaga.

Baada ya hapo kisanduku kikakauka. Mafundi walimsalimia kwa heshima zote, shikamoo kwa wingi, na utani wote ukaisha. Mama Usalama akawa "afisa". Kwenye mkutano wa mwaka mkurugenzi alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote, akatangaza kwamba kwa muda mrefu haijaletwa taarifa ya kosa hata moja, akaomba makofi. Yalipigwa. Mama Usalama alimwambia pembeni kwamba jambo hilo linamtisha. Mkurugenzi akadhani ni unyenyekevu, akamsifu tena.

Akatoka pale moja kwa moja hadi karakana. Tochi mpya zilikuwa zinaning'inia ubaoni, kila moja kwenye umbo lake jekundu. Hapakuwa na pengo popote. Akataka kugeuka, jicho likanasa kwenye spana moja. Nyingine zilikuwa nyeusi kwa grisi ya miaka. Hii iling'aa, na gundi ya karatasi ya dukani ilikuwa bado kwenye mpini. Akaitoa ubaoni.

"Ya zamani iko wapi?" aliwauliza mafundi.

"Ndiyo hiyo, afisa. Hakuna kilichopotea."

"Sitauliza ni nani. Niambieni tu iko ndani ya ndege ipi."

Walitazama sakafu. Mmoja, jitu la mwili waliloliita Bonge, rafiki wa Kijiti tangu wanaanza kazi, alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Atakayesema haguswi," Mama Usalama akasema, na aliisikia sauti yake ikipwaya.

"Ulishatuambia, Mama Usalama," Bonge akajibu, bila ubaya wowote. "Na tulikuamini."

Akatoka nje akampigia mkurugenzi, akamsihi azizuie ndege zote mpaka zikaguliwe.

"Nani kasema kuna kitu kimepotea?"

"Hakuna aliyesema, bosi."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Aligeukia uwanjani, simu ikiwa bado sikioni. Mbele yake abiria walikuwa wanapanda ngazi za ndege, na mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, anamwinua mwanawe ili awapungie mkono waliobaki.