Kijia cha Nyuma ya Ghala

Scholastika hakuwahi kuusifu mtaa kwa mabati wala kwa umeme wake. Aliupima kwa miguu. Newala, alikozaliwa, vijia vilikatiza nyua za watu. Ulitoa shikamoo yako ukaendelea, na asiye na mzigo alimpisha mwenye mzigo. Masasi, alikoolewa, barabara ya lami ilikuwa ya malori, na mtembea kwa miguu hakuwa na thamani kuliko kuku.

Kilichomfanya aivumilie Masasi ni kijia kimoja nyuma ya ghala la korosho, cha kwenda sokoni na shuleni. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, Isaka, mmoja wao, alilichukua ghala lile, akakifunga kijia kwa seng'enge. Watu wakahamia lamini. Wiki haikuisha, lori likampitia Rahima, jirani yake, pamoja na ungo wake wa maandazi. Scholastika ndiye aliyeifunika maiti kwa khanga. Kesho yake bintiye, Winfrida, alitakiwa kupita palepale kwenda shule.

Scholastika akachukua shoka.

Alikata nguzo ya kwanza. Mlinzi wa Isaka akamtandika rungu la mdomo. Akayatema meno mawili, akaifuata nguzo ya pili. Rungu jingine likamvunja mkono wa kushoto. Akakata kwa wa kulia, hasira imempanda hata maumivu hayasikii. Ndipo Isaka akaja mbio, akaishika nguzo ya tatu.

"Mama Winfrida, kiwanja hiki nimenunua. Mwenye nguvu mpishe."

"Kwetu tunampisha mwenye mzigo. Toa mkono, baba."

Hakuutoa. Wapo wanaomtetea Scholastika kwamba damu ilikuwa imemziba macho. Uongo mtupu. Mkono aliuona vizuri, na shoka akalishusha. Vidole viwili vya Isaka vilianguka majanini.

Scholastika alifungwa. Winfrida akaendelea na shule kwa kupitia kwenye pengo lile, maana hakupatikana tena mlinzi wa kuthubutu kulisimamia.

Siku chache baada ya kutoka gerezani, alijitwika tenga la mihogo akashika kijia kwenda sokoni. Katikati akakutana na Isaka, anakuja mikono mitupu. Kijia hakikuwatosha wawili. Scholastika alisimama. Safari hii hakuwa na shoka, na aliogopa kwelikweli.

Isaka akaingia majanini, mkono wenye vidole vitatu ameuficha nyuma.

"Pita, mama," akasema.