Mwalimu Aliyekataa Ukurasa Mtupu

Nilipotaka kujifunza kuandika programu za kompyuta nilikuwa karani kwa kiwanda cha mbao Elburgon, na sikumwamini yeyote aliyesema ni kazi rahisi. Kwenye simu walijaa vijana wa video wanaochapa mbio bila kukosea hata herufi. Mimi hukosea nikiandika jina langu. Nilijua kuna kitu wanaficha.

Binamu yangu akanielekeza kwa chuo kidogo mjini, mtaa wa Milimani. Siku ya kwanza ilikuwa ya majaribio, kabla ya kujiandikisha. Mwalimu, kijana wa tai, alituonyesha programu ya duka iliyokuwa tayari kwenye laptop yake. Ilifanya kazi vizuri mno. Nikainua mkono.

"Mwalimu, fungua ukurasa mtupu, utuandikie kitu kidogo. Kijumlishe tu namba mbili."

Akatabasamu. "Hiyo tutafika wiki ya sita, madam."

"Ni namba mbili tu."

"Usiwacheleweshe wenzako."

Wenzangu waliniangalia kama nimemkosea pasta. Sikujiandikisha.

Nikashuka hadi mtaa wa Rhonda, kwa cyber ya mama mmoja niliyemzoea, aliyekodisha kompyuta na intaneti, nikamweleza. Akatoa daftari alilojifunzia yeye mwenyewe, limejaa maandishi yaliyokatwakatwa.

"Kaa hapo. Chapa mfano wa kwanza."

Nikachapa kama ulivyoandikwa. Kompyuta ikakataa, ikaleta maandishi mekundu. Moyoni nikasema, hata huyu ni wale wale.

"Mathe, daftari lako linadanganya."

Hakukasirika. Alivuta kiti, akafuata yale maandishi mekundu kwa kidole, polepole. "Halidanganyi, limezeeka. Lugha yenyewe ya programu ilibadilishwa. Siku hizi hapa wanataka mabano." Akaweka mabano, jibu likatokea. Kisha akanifungulia tovuti ya bure ya wale waliotengeneza hiyo lugha, iliyoeleza nini kilibadilika na lini.

"Ukiwa na shaka, angalia huku. Hata mimi usiniamini tu hivi hivi."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Nilirudi kwake kila Jumamosi, daftari upande mmoja, tovuti upande mwingine, na vilipopingana nilijaribu vyote viwili. Nilienda polepole kuliko binamu yangu, aliyemaliza kwa yule mwalimu na kupewa cheti.

Leo programu yangu ndiyo inayokadiria kila gogo litatoa mbao ngapi pale kiwandani. Bosi anaiamini kabisa. Mimi bado napima magogo mawili matatu kwa mkono kila asubuhi, kabla hajafika.