Ukuta Uliopakwa Chokaa Upya

Ukienda kutazama nyumba ya zamani katika mji wetu wa Lubumbashi, usianze na vyumba. Anza na paa, kwa sababu mabati ya zamani huoza kuanzia kwenye misumari. Kisha gonga kuta kwa ngumi, usikie kama mchwa wamekutangulia kuhamia. Fungua bomba hata kama halitoi kitu. Likikohoa, maji huwa yanapita saa nyingine. Halafu rudi siku ya mvua. Hilo la mwisho sikulijua, na ndilo ninalotaka kulieleza polepole, maana huenda na wewe unatafuta.

Sisi tulitafuta kwa ajili ya mama yangu. Macho yake yalikuwa yanazimika. Nyumba tuliyokuwa tumepanga aliijua kwa mikono: alijua kona ya meza, kizingiti kilichovunjika, mahali pa mfuko wa makaa. Mwenye nyumba akatuambia anaibomoa ajenge maduka, tuondoke mvua zikiisha. Nikawaza: mama huyu ana nguvu ya kujifunza nyumba moja tu tena maishani mwake. Basi iwe yetu, ambamo hakuna atakayemwambia atoke. Mume wangu, ambaye hupitisha karatasi za malori kule mpakani Kasumbalesa na kurudi kwetu Jumamosi, alikubali. Akiba yetu ilitosha kiwanja kitupu mbali na mji, kusiko na maji wala shule, au nyumba kuukuu karibu na reli. Tukachagua nyumba kuukuu.

Komisionere, ndivyo tunavyomwita mtu anayewatafutia watu nyumba, akatupeleka kwenye mtaa wa wafanyakazi wa zamani wa reli. Nyumba ilikuwa na baraza nyembamba, sakafu nyekundu iliyong'arishwa na miaka, na mparachichi nyuma. Aliyeijenga alikuwa amekufa, na wanawe wa kiume ndio waliouza. Katika jiko la uani aliishi mwanamke wa makamo. "Ni dada yao," komisionere akasema, "yeye hana matata." Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa chokaa juzijuzi, mweupe kama ukurasa. Nikafurahi. Watu wanaopaka nyumba kabla ya kuiuza, niliwaza, ni watu wenye adabu.

Mara ya tatu nilimleta mama. Akapita chumba kwa chumba, kiganja chake ukutani, akinusa. Baba yake alikuwa mtu wa reli. Nyumba za namna ile alizaliwa ndani yake.

"Mulango wa jiko utakuwa huku," akasema, na ulikuwa huko. Akacheka peke yake. "Mutoto wangu, hapa sitaanguka."

Ndipo mvua ikaanza, ile ya alasiri inayokuja mara moja kama mchanga uliomwagwa juu ya bati. Tulikaa barazani. Upepo ukaupiga ukuta wa mbele, na chokaa ikaanza kulowa. Chokaa ikilowa, huacha kuficha. Kwanza niliona doa jeusi, kisha mguu wa herufi, kisha neno. Nikashuka kwenye mvua nikasoma yote, makubwa, toka dirisha hadi dirisha: NYUMBA HII HAIUZWI.

Kwa asiye wa huku nieleze. Baba akifa, mara nyingi mtoto mmoja hushika karatasi za nyumba na kuiuza peke yake, wengine wakiwa wamelala. Basi wale wengine huandika ukutani, ili mnunuzi ajue kwamba kuna ugomvi, apite. Ndiyo silaha ya asiye na karatasi. Na anayetaka kuuza hupaka chokaa juu yake, akaleta wanunuzi jua likiwaka.

"Juu ya nini munanyamaza?" mama akauliza.

Komisionere alijibu kabla yangu. "Hakuna kitu, mama. Ni maneno ya zamani. Bamesha kusikilizana."

"Bongo, uongo mutupu!" sauti ikatoka uani. Yule dada alikuja na sufuria kichwani badala ya mwavuli. "Nani alisikilizana na nani? Mimi njo niliandika. Hawa bandugu zangu bamepaka, nimeandika, bamepaka tena. Sasa rangi imeniishia."

"Yaya, tulia," komisionere akasema, akimwita kama dada mkubwa. "Karatasi ziko sawa, na shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, atapiga muhuri. Asiponunua huyu metresi, atanunua mwingine."

Hapo alisema kweli, na mimi metresi, yaani mwalimu wa kike, nilijua. Yule dada pia alijua. Alinitazama bila uchungu.

"Ukinunua, nitakufungulia mulango," akasema. "Sina kisirani na weye, metresi. Lakini nilimuosha baba mu hii nyumba mpaka siku yake. Nitaenda wapi? Kila asubui utanikuta hapa mbele, juu ya kiti."

Sitakudanganya kwamba niliondoka palepale kwa moyo safi. Nilirudi nyumbani nikapima. Mume wangu kwenye simu alipima pia. Alisema karatasi ni karatasi. Nilimfikiria mama akipapasa ule ukuta kwa furaha. Nilimfikiria na yule dada nje, juu ya kiti. Haukupita mlo wa bukari, ugali wetu, bila nafsi yangu kusema ndiyo, kisha hapana. Mwisho mama ndiye aliyesema.

"Mie sitaki kusikia mutu analia nyuma ya mulango wangu," akasema. "Macho imekufa, masikio ingali."

Tukamwambia komisionere hapana. Nyumba nyingine ya bei ile hatukupata.

Jumapili moja nilirudi na kopo la rangi nyeusi iliyobaki shuleni tulipopaka mbao za kuandikia. Yule dada alinishikia kopo, nikaandika mimi.

"Andika kubwa, metresi, hata benye kupita na motokari basome," akasema.

"Watapaka tena," nikamwambia.

"Najua. Andika tu."

Niliandika kwa mwandiko ninaowafundisha watoto wa darasa la kwanza, herufi zimesimama wima. Sijawahi kuandika vizuri namna ile.

Kiangazi kilipofika, nilipita pale nikienda shuleni. Ukuta ulikuwa mweupe. Watu walikuwa wakishusha magodoro kutoka kwenye lori, wakiimba. Mbele, kando ya barabara, yule dada aliketi juu ya kiti na sufuria zake miguuni. Aliniinulia mkono.

"Mwandiko ilikuwa muzuri," akasema.

Sisi tulipanga vyumba viwili mbali, upande usio na bomba. Jioni ya kwanza nilimshika mama mkono nikamfundisha: hapa mlango, hapa ndoo, hapa kitanda, tuanze tena, usikate tamaa. Alijikwaa kwenye ndoo, kisha tena kwenye ndoo. Akafika mlangoni, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nje, akakitoa, akasugua ungaunga wa chokaa kati ya vidole vyake.

"Na huu," akauliza, "beko bameandika kitu?"

Nikautazama. Ulikuwa mweupe kabisa.

"Sijui, mama," nikasema. "Tungoje mvua."