Bado Ni Mchanga

Kuna neno nisilopenda kulisikia, hasa likitamkwa kwa upole: mchanga. Mtu akikwambia uache utoto, amekutukana na unajua umetukanwa. Lakini akisema mtoto fulani bado ni mchanga, watu hulegeza sauti, na chini ya upole huo wanaweza kumfanyia huyo mtoto lolote. Kwetu Migori mtoto alikuwa mchanga mpaka aweze kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Wenye vyeti vya kuzaliwa walikuwa wachache, kwa hiyo hata walimu wa darasa la kwanza walipima hivyo hivyo. Mkono usipofika, unarudishwa nyumbani.

Mimi nilikuwa nimefika. Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nilikuwa nimefanya mazoezi mwaka mzima, bega likiniuma, na siku vidole vilipogusa sikio nilizunguka boma nikionyesha kila mtu, hata mbuzi. Mama alicheka sana. Alinizaa kabla hajaolewa, tukawa tunaishi kwa nyanya, mama yake, mimi na yeye kitanda kimoja.

Desemba hiyo aliniambia tunakwenda Mbita kumsalimia mama mkubwa, dada yake, aliyeolewa karibu na ziwa na hakujaliwa mtoto. Nilinunuliwa viatu vya plastiki. Tuliposhuka Homa Bay kubadilisha gari, mama alichuchumaa akawa ananifunga viatu ambavyo havikuwa vimefunguka.

"Mama mkubwa akikwambia ushike sikio, usifike," alisema. "Ukifika, ataona umetosha shule, atakuandikisha huku. Usipofika, tutarudi nyumbani pamoja."

Nilikubali mara moja. Nani angetaka kubaki Mbita?

Tulikula samaki, kisha mama mkubwa akanisimamisha uani, kando ya omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, akaniambia nishike sikio. Nilipitisha mkono polepole, nikakunja kiwiko, nikaacha vidole vikihangaika juu ya nywele. Niliigiza vizuri mno, hata nikakunja uso. Nikamtazama mama ili anisifu kwa macho. Alikuwa anatazama omena.

"Bado ni mchanga," mama mkubwa alisema, machozi yakimlengalenga. "Mwezi mmoja tu atakuwa amesahau."

"Hawezi kukumbuka kitu," mama akajibu.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Mama mkubwa alikuwa amesema atamchukua mtoto ambaye hajafika umri wa shule, kwa sababu aliyefika anajua kwao na atatoroka. Na huko Migori kulikuwa na mwanamume aliyetaka kumwoa mama, ila si pamoja na mtoto wa mwingine. Jioni hiyo nilipelekwa ziwani kuoga, na niliporudi mama hakuwepo. Nilisimama mbele ya mama mkubwa nikashika sikio. Nikalishika tena, kwa mkono wa pili, ili aone kwamba ameletewa mtoto siye. Aliushusha mkono wangu taratibu akaniambia nile.

Alinilea vizuri, sina la kumlaumu. Lakini mama alinifanya niwe mwongo wa kujiuza mwenyewe, na hilo sijamsamehe. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa kuachwa na mzazi hawakuutungia methali, labda kwa kuwa methali hutungwa na wazazi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mama mkubwa alinipa nauli niende Migori. Nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza mama, nami nilikuwa nimelirudia njia nzima: kwa nini hukurudi kunichukua? Nilimkuta sokoni nyuma ya mafungu ya nyanya, amenenepa, mtoto mgongoni na mwingine miguuni. Alinitambua kabla sijafungua kinywa. Jirani yake wa meza ya pili, mama wa Kikuria, akamuuliza kwa Kiswahili huyu msichana ni wa nani, mbona mnafanana hivi.

"Ni mtoto wa dada yangu," mama alisema. "Wa kule Mbita."

Alinitazama. Sijawahi kuona mtu akiomba vile bila kusema neno. Swali langu lilikuwa tayari mdomoni, na watu walikuwa wanasubiri nisalimie.

Nilimpa mkono, nikamwita mama mdogo. Akaitika.