Mpira Uliopita Mikononi Mwangu

Mjukuu wangu anasoma chuo, na walimpeleka kwa mafunzo ya vitendo kwenye hospitali ya utafiti, kutibu wagonjwa kwa michezo. Mimi niliuita upuuzi, lakini nilikwenda kumwona.

Nilimkuta na mzee wa kijijini kwetu Busale, aliyepooza mkono wa kulia. Nyumbani mzee angebaki na mke wa mwanawe tu, ndiye aliyemleta hospitalini. Mjukuu wangu alimpa mama huyo mpira amrushie mkwewe. Mama akageukia ukuta, akajifunika kitenge usoni.

"Bibi, mbona hataki?"

"Umesoma mpaka umesahau kwenu! Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake, wala hawasemezani. Uji humpikia, ila kumlisha hawezi. Mkono huo usipopona, mzee atalala njaa na uji upo mezani."

Aliona haya. Kisha akanivuta katikati yao. "Basi pokea wewe, Bibi."

Mama akanipa mpira bila kugeuka, nami nikamrushia mzee. Ulidondoka tena na tena mpaka mgongo ukaniuma kwa kuuokota. Mwishowe vidole vyake vikaufumbata.

"Ameushika," nilimwambia mama. Hakugeuka, ila mabega yalikuwa yanatikisika.

Mzee akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwambie asante, kwa uji wote."

Nikamfikishia.